Kifurushi Ndani ya Bitana

Siku ya kwanza kumwona Mama Povu, dobi wa nyumba ya wageni niliyofikia, alikuwa anagombana na mtu wa mapokezi juu ya foronya moja. Furushi la mashuka ya wageni lilikuwa kichwani, halijashikwa, maana mikono yote miwili alikuwa anaitumia kusemea.

"Foronya nilichukua kumi na moja, nimerudisha kumi na moja. Ya kumi na mbili muulize aliyeilalia!"

Kisha akaniona nimesimama mlangoni na begi langu. Akanipima kutoka viatuni mpaka shingoni.

"Na wewe, Bwana Koti? Joto lote hili, umeficha nini humo?"

Alikuwa anatania, na mtu wa mapokezi alicheka. Mimi moyo ulinilipuka, kwa sababu kweli nilikuwa nimeficha.

Mimi ni fundi cherehani. Tajiri wangu alinituma nchi ya jirani siku kumi nikajifunze mashine mpya ya kutarizi. Sikuwahi kuvuka mpaka maishani. Kabla sijaondoka, shemeji yangu alinisimulia habari ya mtu aliyeibiwa paspoti huko, akawekwa ndani miezi miwili kwa kukosa wa kumtambua. Basi tulipokwisha kugongewa mihuri mpakani, abiria wenzangu waliposhuka kula, mimi nilitoa sindano. Niliifunga paspoti katika kitambaa cheusi, nikakishona pande zote nne, kisha nikakishonea ndani ya koti langu la sufu, chini ya bitana. Fundi akiogopa hushona.

Siku tisa nililivaa koti lile, jasho likinitiririka. Mama Povu alikuja kila asubuhi kuchukua nguo. Alikuwa anakaribia miaka sitini, mfupi, ncha za vidole nyeupe kwa sabuni. "Bwana Koti, leo baridi imekubana wapi?" Mimi si msemaji. Nilicheka chini chini, nikapita.

Siku ya mwisho sikuwa na kazi. Basi langu lilikuwa saa kumi alasiri, na nilitamani kupanda lile jengo refu lenye lifti ya vioo, niutazame mji. Jana yake walinzi walitaka kulipapasa koti, nikageuza njia. Kwa hiyo asubuhi ile nililitundika nyuma ya mlango, nikafunga chumba, nikaenda.

Niliuona mji wote toka juu: mapaa ya mabati, nguo zimeanikwa kila roshani, magari kama siafu. Nilifurahi labda nusu saa. Niliporudi saa tano nilikuta mlango wazi, kitanda hakina shuka, na msumari nyuma ya mlango hauna kitu.

"Uliandikwa unaondoka leo," alisema mtu wa mapokezi. "Begi lako hili hapa. Kinachotundikwa kinakwenda kwa dobi. Ndivyo tunavyofanya."

Nilikimbia. Uwanja wa Mama Povu ulikuwa nyuma ya duka la rangi, mabeseni manane na kamba kama wavu. Alikuwa anasuuza.

"Sufu siiingizi majini, mwanangu. Nimeituma na kijana wa baiskeli kwa drai klina, ng'ambo ya mji. Mtambo wake unawashwa saa nane." Akaacha kusuuza. "Kotini kulikuwa na kitu?"

Nilisikia sauti ya shemeji sikioni. Nikisema ni paspoti, na huyu simjui, itafika sokoni kabla yangu.

"Hapana, mama. Koti tu."

"Koti tu?"

"Koti tu."

Alijifuta mikono taratibu, akakaza fundo la kitenge kiunoni. "Basi twende wote. Mwenye mtambo hakujui, hatakupa."

Foleni ilikuwa imeganda, tukaenda kwa miguu. Ndivyo nilivyoutembea mji ule. Tulipita mtaa wa wauza vioo, nikajiona mara mia uso umenisawijika. Tulipita daraja la chuma, chini yake watu wakichomelea mageti. Mama Povu alichechemea, goti likimuuma, akasalimia kila mlango. "Hapa nimefulia daktari. Hapa nimefulia bwana harusi, suruali ilikuwa na shimo, nikanyamaza." Kisha, bila kunitazama: "Na mfukoni je? Hukuacha kitu?"

"Sikuacha."

Penye kituo cha polisi alisimama. Ngazi zilikuwa tano, na juu askari mmoja alikuwa ameegemea nguzo.

"Tuingie tusalimie? Hawa nawafulia."

Mgeni asiye na karatasi, aingie mwenyewe kwa miguu yake?

"Nina haraka, mama."

Aliziangalia zile ngazi muda mrefu. Nikaona midomo yake inatetemeka, nikadhani ni goti. Akaondoka. Tangu hapo hakutania tena. Alitembea hatua mbili nyuma yangu, na kila nilipogeuka alikuwa ameshika fundo la kitenge.

Tulifika saa saba na nusu. Mwenye drai klina alilitoa koti. Niliingiza mkono kabla hajalitoa kwenye henga. Bitana ilikuwa imefumuliwa uzi kwa uzi, kwa mkono unaojua nguo. Ndani hamna kitu.

Nilikaa chini sakafuni.

"Limekuja hivyo hivyo," alisema yule bwana, akarudi nyuma.

"Kulikuwa na nini?" Mama Povu aliuliza. "Safari hii sema."

"Paspoti." Nililia, mtu mzima. "Nimeishona kwenye kitambaa cheusi. Basi ni saa kumi. Watanifunga, mama."

Alifungua fundo la kitenge. Kifurushi changu kilikuwa pale, hakuna uzi hata mmoja uliolegea.

"Kifumue mwenyewe, mbele yetu."

Nilifumua. Akaishika picha ya paspoti sambamba na uso wangu, akaangalia huku na huku, kisha naye akakaa sakafuni pembeni yangu kama gunia lililotuliwa.

"Nilidhani dawa za kulevya," alisema. "Mtu havui koti, ameshona kitu, ukimuuliza anakana. Zamani nilikuta pete mfukoni mwa nguo ya mteja, nikampa aliyekuja kuidai. Kumbe si yake. Mwenyewe akanishtaki. Siku tatu nililala pale kituoni, watoto wangu watatu kwa jirani. Tangu hapo nikikuta kitu sikifungui wala simpi mtu, mpaka mwenyewe akitaje. Wewe nilikuwa nakupeleka polisi, kweli. Miguu imekataa kupanda zile ngazi."

"Nilikuogopa, mama."

"Na mimi je?"

Nilitaka kuirudishia bitana, lakini mimi, fundi wa miaka ishirini, nilishindwa kutunga uzi. Alininyang'anya sindano, akashona yeye, mishono mikubwa kama ya gunia. Sijaifumua mpaka leo.

Alinisindikiza hadi mlango wa basi. Nilikuwa nimeishika paspoti mkononi, hadharani, nikampungia nayo. Konda akanisukuma ndani. Mama Povu akagonga ubavu wa basi kwa kiganja.

"Nenda, mwanangu. Na huo mdomo wako, ukifika kwenu, ufumue kidogo. Umeushona mno."