Siku Niliyowapeleka Watu Msituni

Hii nilikuwa sitaki kuisimulia, maana mpaka leo nikienda mtaa wa Darsait binamu zangu huniuliza wiki hii nnawapeleka harusini kwa nani, lakini mmeniganda, basi nicheke nanyi.

Mama yangu kalelewa Unguja, kando ya kipande cha lami cha serikali, kifupi kabisa, kilichotoka barabara kuu kikaishia msituni. Toka sisi wadogo hapa Maskati tunasikia habari zake: kima wanakaa katikati hawapishi gari, miti imekutana juu, harufu ya majani mabichi baada ya mvua inakufuata mpaka nyumbani. (Mimi nimezaliwa hapa, mvua yenyewe naihesabu ni mgeni.) Akishasimulia chai yake humpolea mkononi, na sote twajua yuko wapi.

Sasa siku moja narudi nyumbani Al Amerat kutoka kazini, nikapita njia nisiyoizoea, nikaona kibao kina mshale na neno la Kiarabu, ghaba, yaani msitu. Mtu mwenye akili angeingia kwanza akatazame. Mimi nikasimama pembeni, nikakipiga picha, nikairusha kwenye grupu la familia: "Mama, msitu nimeuona, Ijumaa sote twende."

Ijumaa ikawa msururu wa gari, mikeka, birika za chai, sambusa, mkate wa kumimina, na Mama karibu yangu kajitia udi kama anakwenda kumtazama mtu. Tulipokata pale kwenye kibao, barabara ikaisha kabla redio haijamaliza nyimbo moja. Mwisho wake palikuwa na mighafu, ile miti ya jangwani yenye majani madogo madogo, yote pamoja haijazi uwanja wa mpira, na chini yake mazulia, hema, wanaume wenye kanzu nyeupe, na mzee mmoja anatujia mikono wazi.

Akaniuliza kitu kwa Kiarabu, lakini upepo ulikuwa mkali, nikasikia "Maskati" tu. Nikasema naam.

Kumbe aliuliza kama sisi ndio watu wa bibi harusi kutoka Maskati.

Wanawake tukaingizwa hemani, tukapewa kahawa na halwa, tukafukizwa. Mjomba wangu akakalishwa pembeni ya bwana harusi, akanipigia simu akinong'ona, "Kijana huyu ananibusu kichwa, ni nani?" Hapo nikafahamu, na badala ya kusema nikaona haya, nikajiambia tumalize kikombe tuage kwa adabu. Kikombe hakijesha, gari za watu wa bibi harusi wa kweli zikaingia na honi zao.

Hema zima macho kwangu. Natamani zulia linifunike.

Mama akaweka kikombe chini, akamwambia mama wa bwana harusi, kwa Kiarabu chake cha taratibu, "Tusamehe, dada. Binti yangu alikuwa ananitafutia msitu."

Yule mama akamtazama, kisha akacheka mpaka akafuta macho kwa shela. "Basi njoo nikuonyeshe," akasema, akamshika mkono, na wageni wake akawaacha. Nikawafuata nyuma, uso unawaka. Mama akagusa gome, akachuma jani akalinusa muda mrefu, akanigeukia kwa Kiswahili.

"Si msitu huu, mwanangu."

"Najua, Mama. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Toka nitoke kwetu, nani mwengine alinitafutia?"

Tukarudi hemani. Hatukuachiwa kuondoka mpaka tumekula, na sambusa zetu wakazimaliza watu wa bibi harusi.

Jani lake Mama akaja nalo mpaka nyumbani. Tulipofika mlangoni akaniuliza, "Yule mwenzangu, namba yake umechukua?" Nilichukua. Sasa wanapigiana simu, wakianza hawamalizi, na mimi nimeapa: swali nisilolisikia, nitamwomba mtu alirejee hata mara kumi, lakini naam haitanitoka tena.