Kiatu Kimoja Mlangoni kwa Msimamizi

Soko halijafunguliwa, lakini Bi Chuma ameshainama kwenye jaa la nyuma, anachambua taka. Chupa huku, mabati kule. Mkono wa kulia una glavu. Wa kushoto umefungwa kitambaa chenye damu iliyokauka.

"Usiniulize nyingine iko wapi," ananiambia bila kuinua kichwa. "Anayo jirani yangu huyo."

Jirani, mwanamke mnene mcheshi, anapunga mkono wake wa kushoto wenye glavu. "Sisi mapacha, kaka. Tumegawana mikono."

Si utani. Glavu za msaada zilipoletwa hazikutosha. Msimamizi, mtu wa kiti cha kuzunguka na kucha safi, akaamua kila mmoja apewe moja, ili ripoti iseme wote wamepata. Ndiyo akili ya wakubwa wetu hiyo: ukiomba mkate wanakupa harufu, halafu wanakupiga picha ukinusa.

Wiki iliyopita kioo kilimchana Bi Chuma kidoleni. Mshahara wake hauvuki nusu ya mwezi, na mume hana kazi.

"Daktari kasema kidonda kikioza, kidole kinaondoka. Kidole changu, si cha ofisi."

Kwenye boksi la glavu kulikuwa na neno la Kijerumani: Handschuhe. Shemeji yake, fundi aliyewahi kufanya kazi kwa Wajerumani, akamfasiria.

"Kasema Hand ni mkono, Schuh ni kiatu. Wenyewe tangu kale waliyaunga maneno hayo, wakapata kiatu cha mkono. Nikamuuliza, 'Shem, huko kwao mtu huvaa kiatu kimoja?' Akacheka mpaka chai ikampalia."

Bi Chuma hakucheka. Kesho yake alivua kiatu kimoja, akakiacha mlangoni kwa msimamizi, akaingia mguu mmoja peku.

"Mama, vipi tena?"

"Nafuata utaratibu wako, bosi. Kimoja kinatosha."

"Nitakufukuza."

"Nifukuze kwa maandishi. Andika na sababu: alitaka mikono yote miwili."

Hajaandika hadi leo. Wakubwa mdomo wanao. Kalamu ikitajwa, wanashikwa na kikohozi.

Kesho wanawake wote wa jaa wataacha kiatu kimoja kimoja pale mlangoni, na hakuna atakayegusa taka mpaka kila mkono upate kiatu chake.

"Hatutapiga kelele," anasema Bi Chuma, akikaza kitambaa kwa meno. "Tutakaa tu. Jua likipanda, taka zenyewe zitamsemesha bosi."