Aliyeshushwa Darajani

Stendi nzima walimwita Mama Fomu. Kwa miaka kumi na tisa alikaa nyuma ya dirisha la malalamiko ya abiria, kwenye chumba chenye meza moja, simu ya waya na kabati la chuma lililofungwa kwa kamba. Aliyetukanwa na kondakta, aliyepakatishwa mzigo wa watu, aliyeachwa njiani, wote aliwajazia fomu, na jambo akilishika halimponyoki. Mumewe, fundi cherehani, alizoea kumtania kwamba hata watoto wakigombania kiti nyumbani, mama yao huuliza kwanza namba ya gari.

Jumanne moja asubuhi simu iliita. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, laini, isiyo na haraka.

"Mwanangu, wamenishusha darajani. Tiketi yangu ni ya hospitali."

Akasoma namba ya tiketi, tarakimu mojamoja. Mama Fomu akaandika. Alipouliza jina, simu ikakatika.

Jumanne iliyofuata, saa ileile, maneno yakawa yaleyale na namba ileile. Nyuma ya ile sauti hakukusikika gari wala mtu, maji tu yakipita. Mara ya tatu Mama Fomu akajaza fomu.

Akaibeba mpaka kwenye kampuni ya mabasi. Karani alipekua vishina vya tiketi, kisha akainua uso.

"Hii ni ya miaka mitatu iliyopita, dada. Hilo gari lenyewe lilishauzwa chuma chakavu."

Kondakta wa siku ile alikuwa bado kazini. Mama Fomu alimwita kwa barua. Alikuja amejiandaa kubisha, ila alipotajiwa daraja akaketi.

"Alikuwa anakohoa," alisema. "Abiria wakalalamika kwamba atawaambukiza. Nikamshusha. Kesho yake nikasikia kuna mama kakutwa amekufa pale chini, kando ya maji. Sikumwambia mtu."

"Hakukuomba umfikishe?"

"Hakusema hata neno. Alininyooshea tiketi tu, akawa ananitazama."

Mkuu wa ofisi aliikataa ile kesi. "Mlalamikaji wako yuko wapi, mama? Marehemu hafungui shauri."

"Anapiga simu kila Jumanne, bosi. Njoo uipokee wewe."

Mkuu alicheka, lakini Jumanne akaja. Simu ilipoita akaipokea. Alisikiliza mpaka mwisho, akairudisha taratibu mahali pake, akaomba kalamu. Akaitia saini ile fomu amekaa palepale, kwenye kiti cha Mama Fomu.

Kondakta alinyang'anywa leseni. Kampuni iliamriwa kuiomba radhi familia kwa maandishi, na ndani ya kila basi kukabandikwa tangazo kwamba abiria mgonjwa hashushwi kabla ya kituo chake. Makondakta walinung'unika, ila wakatii. Jumanne iliyofuata Mama Fomu alikaa mkono karibu na simu tangu asubuhi. Haikuita.

Siku chache baadaye bintiye marehemu, muuza vitambaa, alikuja kuchukua barua ya radhi. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama.

"Nani alileta malalamiko?" aliuliza. "Sisi hatukujua hata pa kuanzia."

Mama Fomu hakujua kudanganya. "Mama yako mwenyewe. Alinipigia simu, akaniambia wamemshusha darajani."

Yule binti alimkazia macho. "Mama alikuwa haongei, shangazi. Ugonjwa wa koo ulimnyang'anya sauti miaka mitano kabla hajafa. Hata hospitali alikuwa anakwenda kwa ajili ya hiyohiyo sauti."

Mama Fomu alitegemea yule binti akasirike, au akimbie. Badala yake alivuta kiti, akaketi.

"Mimi nimeshaisahau," alisema kwa sauti ndogo. "Ikoje?"

"Laini," Mama Fomu akamjibu. "Haina haraka. Na mtu humwita 'mwanangu'."

Binti aliinamia ile barua, akalia. Mama Fomu akainuka, akafunga dirisha kwa muda, ingawa nje abiria wawili walikuwa wanangoja.