Lango Lililogoma Siku ya Posa

Kwetu, kwenye miteremko iliyo juu ya Karurumo, watu wanaokuja kuposa hawabishi hodi. Wanaimba. Sisi wanawake wa nyumbani tunasimama ndani ya lango na kuwajibu kwa nyimbo, tunawauliza wanatafuta nini, tunawaambia ufunguo umepotea, tunawaambia mbwa ni mkali, tunawaambia warudi kesho. Wao wanabembeleza, wanajisifu, wanatutania. Upande unaorudi nyuma hata hatua moja umeshindwa. Wageni wakishinda, tunawatandikia leso waingie juu yake kama wafalme. Tukishinda sisi, wanaingia wakikanyaga vumbi na tunawacheka mpaka chakula kiishe.

Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa nyimbo za lango katika ukoo wetu, na kwa neema ya Mungu leso zangu zilikuwa hazijawahi kulala chini. Siku ya posa ya binti yetu kitinda mimba niliamka nikiwa na furaha ya kitoto. Nilisali, nikanywa chai, nikafanyia sauti mazoezi katikati ya kuku.

Shida ilianzia kwenye pikapu iliyoleta viti. Dereva alishusha viti vizuri, akatoka nje vizuri, kisha akakumbuka turubai alilosahau, akarudi kinyumenyume wakati vijana wetu walikuwa wameshafunga lango. Likalia pwaa! Lango halikuanguka, namshukuru Mungu, na dereva hakuumia. Lakini komeo, kile chuma kinene kinachopita kutoka ubavu mmoja wa lango hadi mwingine, lilipinda ndani ya tundu lake na kukwama. Vijana walilipiga nyundo. Likapinda zaidi. Bawaba nazo fundi alikuwa amezichomelea kabisa kwa sababu ya wezi, kwa hiyo lango halikuweza kung'olewa. Tulimpigia fundi simu aje na grainda, ile mashine yake ya kukatia chuma. Akasema yuko tayari, ila stima imepotea tangu alfajiri kuanzia kwake mpaka kwetu.

Tulikuwa bado tunalitazama komeo tuliposikia magari. Wakwe walikuwa wamefika kutoka Kangeta.

Lango letu halionyeshi ndani, ila kwenye ufa wa katikati niliwaona wakishuka wakiimba. Mbele yao alikuwa nyanya ya kijana aliyekuja kuposa, mama mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti inayoweza kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili. Nilimpenda papo hapo. Alikishika chuma cha lango kwa mikono miwili na kuanza:

"Tumetoka mbali, fungueni! Tumebeba asali, fungueni!"

Tuliimbiana kwa Kiswahili kila pale Kimeru chao na Kiembu chetu vilipoachana njia. Nilijibu mistari miwili ya heshima, kisha dhamiri ikanisukuma, nikasimamisha wimbo na kusema kweli.

"Wakwe zetu, karibuni sana. Lakini naomba mnisikilize. Komeo limekwama. Limegongwa na gari. Hatuwezi kufungua."

Walitazamana. Halafu watu wote wa Kangeta walicheka kicheko kimoja kikubwa.

"Komeo limekwama!" yule nyanya akapiga kelele. "Mmesikia? Kwingine hupotea ufunguo, huku hukwama komeo! Embu mna ujuzi!"

"Ni kweli, dada yangu."

"Ni kweli, ni kweli! Hata mimi siku ya binti yangu nilisema lango limeliwa na mchwa. Na lilikuwa la mabati!"

Akaanza wimbo mpya hapo hapo kuhusu komeo, na ulikuwa mtamu kiasi kwamba baadhi ya wanawake wangu waliuitikia kabla sijawakazia macho.

Binti yetu alinivuta kando. Alikuwa amevaa gauni lake la kijani na uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Mami, nimempigia simu nimwambie," alisema, akimaanisha mchumba wake. "Lakini simu yake imeshikwa na nyanya yake. Amemnyang'anya ili asitoe siri za kambi."

"Basi wapite njia ya mtoni, kwenye majani chai ya jirani," kijana mmoja wetu akasema.

Mume wangu akatikisa kichwa. Sisi hatuwezi kuwaingiza wakwe kwa njia ya nyuma. Anayeingilia nyuma ni mwizi au mdai. Tena ndani ya gari la kwanza alikuwa babu ya kijana, mzee aliyeketi na fimbo yake katikati ya magoti. Yeye ndiye peke yake aliyepaswa kutamka neno la posa. Kijana alikuwa amemwambia binti yetu wiki iliyopita kwamba mzee amekubali safari hii moja tu, miguu yake haina safari nyingine. Kama hatapita langoni leo na kulisema neno, hatujui nani atalisema, wala lini.

"Mami," binti yetu akasema polepole, "wakiondoka?"

"Hawaondoki," nilimwambia. "Ngoja nilete msumeno."

Nieleze kuhusu msumeno huo. Binti yetu mkubwa alininunulia msumeno huo viganja vyangu vilipoanza kuuma wakati wa kukata mashina ya kahawa yaliyozeeka. Ni mashine ya betri, ndefu kama mkono, na mbele ina bledi, yaani wembe wenye meno, unaokwenda mbele na nyuma kwa haraka kuliko ulimi wa mchongezi. Mwenye duka pale Runyenjes alinifundisha namna ya kuutumia, nami niliyapokea mafundisho yake kama nilivyozoea kuwafundisha watoto katekisimu: unarudia mpaka ukiulizwa usingizini utajibu.

Nilitoka nao nyumbani wakwe wakiimba kuhusu komeo ubeti wa sijui wa ngapi.

"Mama," mume wangu alisema, "hiyo si ya kahawa?"

"Bledi ndiyo ya kahawa. Ya chuma ni hii, meno yake ni madogo madogo. Nishikie betri."

Nilitoa betri kwanza. Hakuna kubadilisha bledi betri ikiwa ndani, hata kama wakwe wako langoni, hata kama Yesu mwenyewe yuko njiani, maana atataka akukute na vidole kumi. Nikaichomoa ya kahawa, nikaweka ya chuma, nikaivuta kuona kama imeshika. Nikavaa miwani ya kukinga macho. Wanawake wangu, ambao huniita Cucu, yaani nyanya, wakaanza kucheka.

"Cucu amekuwa rubani!"

"Chekeni, lakini rudini nyuma. Na nyinyi vijana, shikeni lango pande zote mbili lisitetemeke. Chuma kikicheza, msumeno utaruka kama mbuzi."

Kisha nikainama kuangalia nafasi kati ya mabawa mawili ya lango, na hapo ndipo furaha yangu iliposimama. Bledi ilikuwa ndefu kuliko unene wa komeo. Ikikata, ncha yake ingetokea upande wa pili kwa urefu wa kiganja. Na upande wa pili, wamebanana kifua kwa mgongo, walikuwa wakwe zangu. Tumbo la yule nyanya lilikuwa limegusa lango kabisa. Mwenye duka alikuwa amelisisitiza hilo kuliko yote: jua kilicho nyuma ya unachokikata.

"Dada yangu!" niliita. "Rudini nyuma, tafadhali! Nataka kukata komeo kwa mashine!"

"Aaa! Sasa wanatutisha kwa mashine!" Akawageukia watu wake. "Mguu wa mtu usirudi! Tukirudi tumeshindwa!"

"Haturudi!" wakajibu wote, na wakasogea karibu zaidi.

Nilirudisha betri, nikabonyeza swichi kidogo msumeno ukiwa mbali, wasikie ukinguruma, nikatoa betri tena. Walipiga vigelegele. Mmoja alisema ni redio.

Mume wangu alifumba macho, nikajua anaomba. Mimi niliomba nikiwa nimeyafungua. Wakati huo nilikumbuka kwamba sijaondoa leso niliyojifunga kiunoni. Nguo inayoning'inia haikai karibu na mashine inayokwenda. Nikaifungua, nikabaki nayo mkononi, maridadi, mpya, ya rangi ya papai. Nikaitazama. Nikatazama ile nafasi chini ya lango.

Leso ikitandikwa, hakuna anayeikanyaga mpaka mwenyeji afungue. Wageni husimama mwisho wake na kungoja. Lakini anayetandika leso ni aliyeshindwa.

Nilimtazama binti yetu. Alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili, macho kwenye lile gari la mzee.

Bwana alinipa sauti, nikasema moyoni, na leo anaitaka. Nikapanda juu ya kiti, wanione, na nikaimba:

"Mmenishinda, wakwe, mmenishinda! Kangeta mna mapafu, mmenishinda! Nawatandikia, msogee nitandike!"

Wanawake wangu walipigwa na butwaa. "Cucu, hapana!" mmoja alilia kabisa. Nikawaambia watoe leso zao, zote. Tukazisukuma chini ya lango moja baada ya nyingine, na kule nje kukalipuka. Mungu wangu, shangwe ile! Yule nyanya aliruka juu na miguu yake mirefu, akalia, akacheka, akakumbatia watu wasio wake. Halafu akawapanga: "Nyuma! Nyuma ya leso! Mtu asikanyage mapema!" Wakarudi wote, kinyumenyume, wakicheza, mpaka mwisho wa leso ya mwisho. Hapakuwa na mtu karibu na lango isipokuwa jogoo mmoja, naye nilimfukuza.

Nikairudisha betri. Mikono yote miwili. Nikakiegemeza kibati cha mbele ya msumeno, kinachouzuia usiruke, kwenye chuma, nikakibana sana, ndipo nikabonyeza. Kelele! Meno yangu mwenyewe yalitetemeka. Sikuukimbiza msumeno wala sikuulazimisha. Niliuacha utafune chuma kwa mwendo wake, kama mtu anayemsikiliza mwenzake akitubu. Unga wa chuma ukadondoka. Mara komeo likakatika, tang! Niliachilia swichi, nikangoja bledi itulie kabisa, nikautoa, nikatoa betri.

"Mtu asiguse! Bado ni moto!" nilisema, na kijana mmoja aliyekuwa amenyoosha mkono akaurudisha mfukoni.

Lango likafunguka.

Yule nyanya alikuja juu ya leso kwa maringo, kidevu juu. Alipofika kwangu akaona msumeno, akaona miwani, akaona kipande cha komeo kilichopinda chini. Akainama kukitazama. Akainuka taratibu.

"Kumbe lilikuwa limekwama?"

"Tangu asubuhi."

"Kweli kweli?"

"Nilikuambia, dada yangu."

Alinishika mabega. Kicheko kilimtoka tumboni, kikaniingia mimi, tukacheka mpaka tukaketi chini juu ya leso, vizee viwili, tukipigana mapaja.

"Basi aliyeshinda ni nani?" aliuliza akifuta machozi.

"Wewe. Nimeimba mbele ya watu wote, siwezi kuyameza."

Wakati huo mlango wa gari ulifunguliwa, na mzee akashuka. Watu walimpisha. Alikuja na fimbo yake, hatua ndogo ndogo, akikataa mikono ya wajukuu. Mume wangu alikimbia kumletea kiti. Mzee akakikataa nacho. Akasimama pale pale kati ya mabawa ya lango.

"Nilikuwa na hotuba ndefu," alisema. "Lakini nimemsikia mama mkwe wa mtoto wetu akikata chuma. Familia kama hii mtu asiichelewe. Tunamtaka binti yenu awe wetu. Mnasemaje?"

Kwetu jibu halisemwi kwa mdomo: binti akikubali humpa mzee wa posa uji, naye akiumaliza, posa imefungwa. Nilivua miwani, nikageuka kumwita binti yetu, lakini alikuwa ameshafika, kibuyu cha uji kikiwa mikononi. Alipiga goti. Mzee akapokea kwa mikono miwili, akanusa, akanywa, akanywa tena, akakiinamisha tuone kwamba hakijabaki kitu.