Baba Aliyeandikwa Marehemu

Luciana alipompigia baba yake simu aje Sumbawanga na kitambulisho, apigwe na picha, alimwambia tu kwamba maombi yake ya mkopo wa chuo yana kosa. Kosa lenyewe hakulitaja.

Mzee Adriano aliwaacha wenzake shambani wakivuna ulezi, akashuka stendi amevaa koti la kanisani, ndevu amezinyoa.

"Uliposema kuna kupigwa picha, nikaona nisije nikakuaibisha," alisema. Luciana akatazama chini.

Wiki chache nyuma, rafiki yake Jenifa alimwambia kuwa yatima ndio hupewa kwanza. Basi Shamsi, kijana mwenye steshenari anayewajazia watu maombi, alipomuuliza kama baba yupo, alijibu, "Alifariki." Shamsi akaacha kuandika. Akamsimulia kwamba naye alimzika baba yake mwaka jana, na mpaka leo kuna wakati anajisahau akaipiga namba yake. "Pole sana, dada," akamwambia. Luciana akaipokea pole ile.

Sasa maombi yamerudishwa. Cheti cha kifo hakipo, arekebishe kabla dirisha la maombi halijafungwa.

"Baba, nisubiri hapa nje," alisema walipofika dukani.

"Kwa baridi hii?" Mzee akaingia.

"Shikamoo, mzee," Shamsi alisalimia.

"Marahaba. Mimi ndiye baba wa huyu."

Shamsi akamwangalia Luciana. "Baba mdogo?"

"Baba aliyemzaa," mzee alijibu, akitabasamu.

Shamsi alifungua maombi kwenye kompyuta. Mzee Adriano, ambaye Jumapili huwasomea watu masomo kigangoni, aliinama akasoma kwa sauti ileile ya kanisani: "Jina la baba, Adriano. Hali yake... amefariki."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri kutoa kopi waligeuka kumtazama.

Mzee akavuta kiti, akakaa. "Mashine imekosea?" alimuuliza Shamsi.

Shamsi angeweza kusema ndiyo. Badala yake alimsubiri Luciana.

"Ni mimi, baba. Niliambiwa yatima wanapewa haraka."

Mzee alikipangusa kitambulisho chake kwa pindo la koti, akakipangusa tena. "Mama yako anajua kuwa mimi ni marehemu?"

"Hajui."

"Usimwambie." Akamkabidhi Shamsi kitambulisho. "Andika nipo."

Alipigwa picha, akatia saini taratibu, herufi moja moja. Njiani kurudi stendi Luciana alilia, akaomba msamaha.

"Nimekusamehe," mzee alisema. "Lakini leo tusiongee tena." Akapanda gari, akakaa upande wa pili, mbali na dirisha ambalo binti yake alikuwa amesimama nje yake.

Mkopo ulitoka, ingawa haukuwa kamili. Siku moja kabla ya kusafiri kwenda chuoni, Luciana alikwenda kwa Shamsi. Alikuwa amepanga maneno mengi, ila yaliyomtoka yalikuwa machache.

"Kaka Shamsi, ile pole uliyonipa haikuwa yangu. Nisamehe."

Shamsi alikuwa akipanga karatasi kwenye mashine. "Yameisha, dada. Safari njema," alisema, bila kugeuka.

Luciana alisimama kidogo mlangoni, kisha akampisha mteja aliyekuwa anaingia.