Usipake Rangi Penye Wingu

Ile siku ya mkutano wa setilaiti hapa Kisumu bado naikumbuka, mwanangu, na kwa vile unajiandaa kwenda kuchora mkutano wako wa kwanza, keti nikuambie.

Kazi ilikuwa hii hii yetu. Mtu anaongea mbele, nawe umesimama kando na kalamu nene, unachora maneno yake papo hapo kwenye karatasi iliyofunika ukuta, na hakuna kufuta. Ripoti watu hawasomi, si unawajua! Mchoro ndio wanaoupiga picha na kuusambaza kwa simu kabla hata chai ya saa nne haijaletwa. Nilikuwa kijana, mkono una kasi, na sifa nilizipenda kweli.

Mtaalamu mmoja akaonyesha picha ya ziwa iliyopigwa kutoka angani. Ufuo huu maji yamegeuka kijani, akasema, yamechafuka. Na ule pia. Alipofika kwenye ufuo wa Luanda Kotieno akasema, "Hapa palikuwa na wingu, hatukuona." Akaendelea na mengine.

Mimi nilikuwa nimeshapaka kijani huku na huku, katikati pamebaki peupe, panakera macho. Mwandalizi wa mkutano akapita nyuma yangu akaninong'oneza, "Jaza hapo, bwana, ipendeze." Nikainua kalamu.

Nikashikwa mkono. Alikuwa Mama Akoth, aliyealikwa kuwasemea wauza samaki. Samaki wake wote aliwatoa Luanda Kotieno akawauza soko la Kibuye.

"Nyathina, mwanangu, huyu amesema hapo hajaona," akaniambia. "Sasa wewe umeona na macho ya nani? Ukiweka hiyo rangi, kesho nani atanunua samaki yangu?"

Waliokaa karibu wakageuka kututazama. Loo, niliona haya! Mwandalizi naye amenikazia macho, na mimi nilitaka sana aniite tena. Nikaweka chini ile kalamu ya kijani, nikachukua nyeusi, nikachora wingu. Chini yake nikaandika: Hapa hatukuona.

Mwandalizi hakuniita tena. Sikufa njaa. Mama Akoth aliendelea kuuza. Mteja akimletea ule mchoro kwenye simu, anamwambia asome hapo penye wingu, kisha aamue mwenyewe. Kama maji ya pale yalikuwa safi au la, sikuwahi kuambiwa, na si mimi wa kujifanya najua.

Basi, mwanangu, chora ulichosikia. Penye wingu chora wingu, hata kama anayekulipa amekukunjia uso, kwa sababu kwenye hiyo nafasi nyeupe kuna mtu anatafutia watoto wake unga. Mungu akupe mkono mwepesi, na siku utakapouinua kupaka usichokiona, akutumie mtu wa kuushika.