Kope Moja, Mihuri Arobaini

Mkono wa kushoto wa fundi mihuri wa Chuno umeidhinishwa na nchi nzima, maana kila muhuri anaujaribia hapo, kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Hunakili mchoro mmoja wa muhuri mara nyingi kwenye filamu, kupitia kioo cha mashine, akailaza juu ya gundi nzito, akawasha taa ya zambarau. Gundi iliyopigwa na mwanga inakuwa ngumu na ndiyo mihuri, iliyobaki anaiosha. Jirani yake ana leza inayochonga muhuri mmoja mmoja. Somoe, katibu wa ushirika wa korosho, alitaka mihuri arobaini ya makarani kabla ya mnada wa kesho.

“Fundi, nimpelekee jirani?”

“Huyo atakumalizia keshokutwa, dada. Mimi nawasha mara moja, inatoka yote.”

Ikatoka yote, na yote ina mstari mwembamba kama kope. Fundi aliuona mkononi.

“Nani ataangalia?” Somoe akasema. “Wanaoigonga wenyewe hawasomi wanachogonga.”

“Leza ikikosea imeharibu mmoja. Mimi kope moja iliyoangukia kioo imeniharibia arobaini.” Akaimwaga yote ndooni, akafuta kioo polepole ili aanze upya, akamwomba kwa adabu asipumulie upande ule. Somoe akageukia ukuta, na simu kutoka kwa mwenyekiti wa ushirika ikaita mkobani mwake mpaka ikachoka.